Kabla ya Kuuliza Bei, Muulize Kama Amekula

(Mazungumzo na vijana na wafanyabiashara wanaojiandaa kwenda China, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea, maneno ya Kichina nimeyawekea na herufi zake ili mtu aweze kuyakopi kwenye simu.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja, Jumamosi watu wana shughuli zao na foleni ya Dar mnaijua wenyewe.

Niingie moja kwa moja. Nikiuliza hapa nani anajua Kichina kidogo mikono inapanda, nikisema haya tupe maneno, wote mnakuja na yaleyale, nǐ hǎo, duōshao qián, tài guì le. Hujambo, bei gani, ghali sana. Sawa kabisa, mtu anaenda Guangzhou kufunga mzigo au anaenda Yiwu kwenye lile soko lao la jumla lazima ajue kuuliza bei. Ila angalieni, mtu huyo anaenda na kurudi miaka, ana wauzaji anaowajua kwa sura mpaka watoto wao, ana dereva wake, kuna mama wa mgahawa anamuwekea pilipili pembeni bila kuambiwa, na kwa watu wote hao Kichina chake kimeishia kwenye bei. Hajawahi kumwambia hata mmoja wao pole na kazi. Sisi hawahawa ambao hatuwezi kumpita mtu analima au anachimba mtaro bila kumwambia pole na kazi, tukifika kule tunageuka watu wa bei tu.

Hilo linaniuma kwa kweli na ndo limenifanya nikubali kuja kuongea. Leo sarufi tunaiweka pembeni, nataka mtoke hapa na maneno ya kumjali mtu. Na ninachosimamia ni kimoja, kwamba Wachina walio wengi hawauweki upendo kwenye neno nakupenda, wanauweka kwenye chakula, kwenye safari, kwenye uchovu na kwenye baridi, na kama kuna mtu anayetakiwa kulielewa hilo haraka ni sisi, maana tumelelewa hivyohivyo.

Tuanze na lenyewe, wǒ ài nǐ (我爱你), mmelisikia kwenye tamthilia, mnalijua. Sasa kwenye nyumba nyingi za Kichina, hasa za wazazi wenye umri, hilo neno unaweza ukakaa mwaka usilisikie. Mtoto anakua, anamaliza chuo, anaoa, baba yake hajawahi kulitamka, lakini baba huyohuyo kila mtoto akisafiri anambebea begi mpaka stesheni na anasimama pale hadi treni iondoke. Upendo upo, tena mwingi, ila neno lenyewe kwao ni zito, mtu mzima analiona aibu kulitoa mdomoni. Vijana wa sasa wanalitumia zaidi, wapenzi hasa, na hata wao kijana akitaka kumfungukia msichana mara nyingi anaanza na wǒ xǐhuan nǐ (我喜欢你), ndo nimetokea kukupenda, hiyo ni nyepesi kidogo na inamuachia mwenzio nafasi ya kupumua. Kwa hiyo nyie mnaotaka kumrukia mtu na wǒ ài nǐ wiki ya kwanza, subirini.

Haya, chakula. Chī le ma (吃了吗), umekula? Ile chi ulimi ukunje kidogo juu, halafu le isome kama la iliyofifia, usiikaze. Wazee hasa wa kaskazini, Beijing na maeneo yale, ndo salamu yao ya jirani kwa jirani, mnakutana kwenye ngazi, chī le ma, unajibu chī le, nǐ ne, nimekula, wewe je, basi mnapita. Hapo hajakualika, usije ukamfuata nyumbani. Lakini akikuuliza mtu wa karibu, mwalimu wako, rafiki yako, mama wa rafiki yako, nǐ chīfàn le ma, hapo anataka jibu la kweli, na ukisema bado inakuwa kesi, utatafutiwa kitu ule hapohapo.

Hili lina historia yake na naomba tuiheshimu. Wachina ambao leo wana miaka sabini na kitu kwenda juu waliipitia njaa kubwa ya 1959 mpaka 1961, ilichukua mamilioni ya watu, na hata baada ya hapo nafaka mijini zilikuwa za kuponi za mgao, kuponi hizo zimekuja kuondoka kabisa miaka ya 1990 mwanzoni. Bibi wa Kichina anayekuuliza umekula anaijua njaa kwa macho yake. Ndo maana pia mkiwa mezani anachukua vijiti anakuwekea nyama kwenye bakuli lako, ile nyama nzuri, na anasema duō chī diǎn (多吃点), kula zaidi. Usiweke mkono juu ya bakuli kukataa. Pokea, onja, sema hǎochī (好吃), tamu. Ukitaka kumfurahisha kabisa na wewe muwekee kipande, sema nín duō chī diǎn, hiyo nín ni ile ya heshima ya kumuitia mtu mzima, naona watu wengi hawaijui na inafungua milango.

Na kuna hili ambalo ukiongea na vijana wa Kichina karibu wote watakuambia lipo kwao. Mama amegombana na mtoto, mlango umefungwa, kila mtu kanuna. Samahani haitatamkwa. Baada ya muda mlango unagongwa, mama anasema chūlái chīfàn le (出来吃饭了), toka uje ule, au anaingia na sahani ya matunda ameshayamenya na kuyakata, anaiweka mezani anatoka. Yameisha hayo. Mtoto akila matunda amesamehe na yeye amesamehewa. Nani hapa hajawahi kupatanishwa na mama yake kwa sahani ya wali? Basi mnanielewa.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ningeweza kulizungumzia mpaka jioni, xīnkǔ le (辛苦了). Tamka shin-khu-la, sauti ya kwanza iende juu imenyooka, ya pili ishuke chini kabisa. Mkisahau yote ya leo naomba hili mlibebe. Dereva amekufikisha, unashuka, shīfu xīnkǔ le, shīfu ni heshima ya kumuitia fundi au dereva. Mhudumu wa usafi anafuta korido ya hosteli saa kumi na mbili asubuhi, āyí xīnkǔ le, āyí ni kama kumuita mama. Muuzaji amekaa anakuhesabia katoni moja moja mpaka usiku, mwenzako kazini amemaliza zamu, mama amepika, mwalimu amefundisha masaa mawili amesimama, wote hao xīnkǔ le. Ni kumwambia mtu nimeuona uchovu wako. Kwetu ni pole na kazi, na kama ni mtu anatoka safarini ni lilelile, lùshang xīnkǔ le (路上辛苦了), pole na safari. Ziko lugha nyingi ambazo mtu akitoka safarini humwambii pole, watakuuliza kwani amefiwa? Kichina wanaelewa. Hebu fikirieni tunaenda umbali wote ule na neno tunalolihitaji kila siku lipo, limekaa linatusubiri, na hatulichukui!

Ila kuna mtego hapo. Pole yetu sisi inaingia kila mahali, umejikwaa pole, unaumwa pole, umefiwa pole, umechoka pole. Kichina hawana moja la kubeba yote, na wanafunzi wetu wengi wakitafuta pole kichwani wanatoa duìbuqǐ (对不起), ambayo ni samahani ya kosa. Mchina anajikwaa kwenye ngazi, wewe unamwambia duìbuqǐ, anakuangalia anajiuliza kwani huyu ndo amenisukuma? Kwa hiyo zigaweni. Mtu kaanguka, unamuwahi unasema méi shì ba (没事吧), hujaumia eti? Mtu anaumwa, hǎohǎo xiūxi (好好休息), pumzika vizuri, na ukipenda ongeza zǎorì kāngfù (早日康复), upone mapema. Mtu kafiwa, sema jié'āi (节哀), kwa sauti ya chini, halafu nyamaza, kaa naye. Msiba ni msiba, kule pia watu hawahitaji maneno mengi. Na ukimuona mtu anabeba mzigo wa maisha, anasoma na kufanya kazi, macho mekundu, mwambie bié tài lèi le (别太累了), usijichoshe sana jamani. Hiyo anaweza akalia, nawaambia.

Safari na kuagana. Hapa ndo kwetu kabisa. Mgeni akiondoka nyumbani kwa Mchina mwenyeji anamsindikiza. Anasema wǒ sòng nǐ (我送你), nikusindikize, na mgeni anatakiwa akatae kidogo, bié sòng le, bié sòng le (别送了), usijisumbue, na mwenyeji anaendelea kuja, mlangoni, kwenye lifti, chini ya jengo, hadi kituo cha basi, na mnaweza mkasimama pale mkaanza maongezi mapya kabisa ambayo hamkuongea mkiwa mmekaa. Kuna mtu hapa anahitaji kufundishwa hilo? Sisi tunamsindikiza mgeni halafu mgeni anatusindikiza tena kurudi! Neno lao la mwisho pale ni mànzǒu (慢走), yaani nenda taratibu, na hata dukani unaposhuka ngazi muuzaji anakuambia hivyohivyo. Usione anakukosoa mwendo, ni kwaheri ya upole. Kisha lùshang xiǎoxīn (路上小心), uwe mwangalifu njiani. Kisha lile la wazazi wote wa dunia, dào le shuō yì shēng (到了说一声), ukifika sema. Ukifika tuma meseji ya herufi mbili tu, dào le (到了), nimefika. Nasisitiza hili kwa vijana wa kiume maana mnaipuuza. Mama wa rafiki yako alikukaribisha Spring Festival kijijini kwao, amekulisha siku zote, umepanda treni umelala, umefika chuoni umepitiliza kwa washikaji, na yule mama anamuuliza mwanae kila baada ya nusu saa kama umefika. Herufi mbili jamani.

Kwa kuwa nimeitaja Spring Festival, mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi, unaangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, nchi nzima inarudi nyumbani kwa wakati mmoja, vyuo vinabaki vitupu na wanafunzi wetu wanabaki hosteli wanaangalia theluji. Ukialikwa, nenda. Usiogope Kichina chako kidogo. Jambo la wazazi kule halichezewi, walirekebisha mpaka sheria yao ya haki za wazee, ikaanza kutumika mwaka 2013, wakaweka kwamba watoto wanaoishi mbali na wazazi waende kuwaona au wawasalimie mara kwa mara. Sasa nyumba ambayo mtoto amerudi baada ya mwaka mzima mjini, na amekuja na rafiki kutoka Afrika, nyie hamjui mtakavyopokelewa. Unaingia unasema xīnnián kuàilè (新年快乐), heri ya mwaka mpya, na kwa bibi na babu unaongeza shēntǐ jiànkāng (身体健康), mwili uwe na afya. Kwa mzee hiyo dua inatangulia mali zote.

Baridi na maji ya moto, nitapita haraka. Duō chuān diǎn (多穿点), vaa nguo zaidi, utaambiwa na watu usiowajua kabisa barabarani, mwanamke mzima anasimama anakufunga zipu ya koti. Na duō hē rè shuǐ (多喝热水), kunywa maji ya moto kwa wingi. Kichwa kinauma, maji ya moto. Tumbo, maji ya moto. Umeachwa na mpenzi, maji ya moto. Imani ya vitu vya moto ni ya zamani kwenye tiba yao, ila ilisambaa hasa baada ya ile kampeni ya afya iliyoanza 1952, wananchi walihimizwa wachemshe maji kwa sababu ya magonjwa, na mpaka leo stesheni, treni, hosteli, kila mahali kuna bomba la maji yaliyochemka na kila mtu ana chupa yake. Wasichana wa Kichina wanalalamika kwamba mpenzi wangu nikiumwa anachojua ni duō hē rè shuǐ tu, na wana haki, wanataka mtu ayachemshe ayalete. Kwa hiyo ukilisema neno hilo simama, chukua chupa yake, nenda kajaze.

Sasa majina ya udugu, na hapa nataka mnyooshe migongo kwa sababu hapa mna mtaji ambao hamjui kama mnao. Wageni wengi wakijifunza Kichina wanalia kwenye udugu. Kwao wao kaka wa baba na kaka wa mama ni neno moja, wanafika China wanakuta mlolongo. Mswahili analia nini? Bóbo (伯伯) ni baba mkubwa. Shūshu (叔叔) ni baba mdogo. Jiùjiu (舅舅) ni mjomba. Gūgu (姑姑) ni shangazi. Yímā (姨妈) ni mama mkubwa au mdogo, ndugu wa kike wa mama. Umemaliza, umeelewa kwa dakika moja kitu ambacho wengine wanachora mti ukutani. Bibi kwa mfano wao wanatenganisha kuliko sisi, mzaa baba ni nǎinai (奶奶), mzaa mama ni lǎolao (姥姥) kwa watu wa kaskazini na wàipó (外婆) kwa kusini.

Na kama sisi tu, haya majina yanatoka nje ya damu. Mwanamke wa umri wa mama yako ni āyí (阿姨), mwanaume wa umri wa baba yako mdogo ni shūshu, anayekuzidi kidogo ni gē (哥) au jiě (姐), unabandika kwenye jina lake, Wáng jiě, dada Wang, Lǐ gē, kaka Li. Fundi, dereva, mpishi, mwite shīfu (师傅), ni heshima ya ufundi wake. Mwenye duka ni lǎobǎn (老板), bosi, hata kama duka ni meza moja. Msichana anayeuza utasikia watu wanamuita měinǚ (美女), mrembo, na kijana anaitwa shuàigē (帅哥), hiyo ni lugha ya kawaida ya dukani na haimaanishi mtu anamtongoza mtu, ila kwa mwanamke wa makamo āyí inaweza ikamkwaza, anaona umemzeesha, muite jiě, atacheka na bei yenyewe itasogea. Kulikuwa na ile sera ya mtoto mmoja, kuanzia 1980 hadi mwisho wa 2015, hivyo China imejaa watu wa miaka ishirini, thelathini, arobaini ambao nyumbani walizaliwa peke yao, hakuna kaka hakuna dada wa tumbo moja. Mtu kama huyo ukimuita gē, na ukamaanisha, unampa kitu ambacho kwao hakuwa nacho. Mimi naamini hivyo kabisa.

Wanaokaa hosteli kuna mtu anaitwa sùguǎn āyí (宿管阿姨), mama msimamizi wa jengo. Anakaa pale chini mlangoni, anajua nani amerudi saa ngapi, anajua nani anaumwa. Wengi mnampita kama ukuta. Mpe āyí zǎo asubuhi, āyí xīnkǔ le usiku, siku umepoteza ufunguo saa sita za usiku utaona, na siku unaumwa kweli ndo atakuwa wa kwanza kugonga mlango.

Kuhusu toni, najua mnaogopa. Kichina sanifu kina toni nne na ile iliyofifia ya tano, na ukikosea toni umesema kitu kingine. Mfano wa darasa zote ni huu, wǒ xiǎng wèn nǐ (问), nataka kukuuliza, toni inaanguka. Wǒ xiǎng wěn nǐ (吻), toni inashuka chini, nataka kukubusu. Mwambie profesa hiyo ya pili uone. Kiswahili hakina toni, ni kweli, lakini nani hapa nyumbani kwao wanaongea Kihaya? Kichaga? Wale wa Kenya, Kikuyu, Kijaluo? Ndugu zetu wa Congo wanaoongea Kiluba, wa Rwanda na Burundi? Hizo zote zina toni, masikio yenu yalishazoea tangu mtoto kwamba sauti ikipanda au ikishuka maana inahama. Mna kazi nyepesi kuliko mnavyodhani. Na dawa yake ni WeChat ileile mnayotumia kuagiza mzigo, mwambie rafiki wa Kichina akurekodie sentensi moja ya sauti, irudie mara nyingi, umtumie ya kwako, akusahihishe. Sentensi nzima, usijifunze neno mojamoja, maana joto la sentensi liko kwenye mwendo wake. Hata ulipoandika vizuri, tuma sauti. Bibi hasomi meseji, bibi anasikiliza.

Mapenzi ya vijana, najua mlikuwa mnasubiri, nisiwanyime. Wǒ xiǎng nǐ le (我想你了), nimekukumbuka, nimekumiss, hii ni tamu na unaweza kumwambia mpenzi, mama, rafiki, haina kizuizi. Bǎobèi (宝贝) ni kipenzi, kwa mpenzi au mtoto, kazini hapana. Qīn'ài de (亲爱的) mpenzi wangu, ila wauzaji wa Taobao, soko lao la mtandaoni, wanakuita qīn kila sentensi, hiyo ni huduma kwa wateja, msije mkaota ndoto. Wanandoa wanaitana lǎogōng na lǎopó, mume wangu na mke wangu. Kisha namba, 520 ukiisoma wǔ èr líng inakaribiana na wǒ ài nǐ, kwa hiyo tarehe 20 Mei imegeuka siku ya wapenzi, watu wanatumiana hela ya 520 au 5.20 kwa simu, na 1314 ni kwa maisha yote. Angalieni sasa, taifa zima limetafuta namba za kusemea lile neno zito ili lisipite mdomoni. Halafu ile ninayoipenda kuliko zote, wǒ péi nǐ (我陪你), nipo na wewe, nakusindikiza kwenye hili. Mtu anaenda hospitali anaogopa, wǒ péi nǐ. Anaenda kusubiri majibu ya mtihani, wǒ péi nǐ. Hiyo uitoe ukiwa tayari kweli kwenda.

Jambo la mwisho kabla ya maswali, asante nyingi. Tumefundishwa kushukuru, na ni adabu. Lakini ukishakuwa wa ndani kwa Mchina, kila kitu xièxie xièxie, kuna siku atakuambia bié kèqi (别客气), usijifanye mgeni, na atakuwa amekunja uso kidogo. Anaona unajiweka mgeni. Kwa mtu wa karibu rudisha kwa tendo, kesho mletee machungwa, osha vyombo, mbebee mfuko. Dereva na muuzaji waambieni xièxie kama kawaida.

Kaka mmoja pale nyuma aliuliza, yeye haendi China, yuko kwenye saiti ya ujenzi hapahapa na mabosi Wachina, je haya yanafanya kazi? Yanafanya kazi kuliko hata kule. Wale watu wengi wao wameacha watoto nyumbani, wanawaona kwenye simu, na Kichina pekee wanachosikia kutoka kwetu ni kuài diǎn kuài diǎn, fanya haraka, neno ambalo wao wenyewe ndo wametufundisha. Kesho mchana mzee wa Kichina akivua kofia mwambie shīfu xīnkǔ le, chī le ma. Haibadilishi mkataba na haiongezi mshahara, na kama kuna dai lako lidai kwa njia zake. Ila atakuangalia machoni, na kuanzia hapo mtaanza kuulizana majina.

Dada mwingine akauliza, anaenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba, Kichina chake ni kidogo, aanzie wapi. Dada yangu, mlangoni sema shūshu hǎo, āyí hǎo (叔叔好,阿姨好), baba na mama mdogo kwa sasa, usiwaite bàba māma mpaka ndoa. Beba matunda na kitu cha kwetu, chai ya Njombe, korosho za Mtwara, au kahawa, toa kwa mikono miwili kama ulivyofundishwa nyumbani. Usibebe saa ya ukutani, kumzawadia mtu saa kwao kunasikika sawasawa na kumzika mzazi. Hawataifungua zawadi mbele yako, ni adabu yao, usihuzunike. Utakaribishwa kukaa na wewe sema āyí, wǒ bāng nín (阿姨,我帮您), mama nikusaidie, uelekee jikoni. Atakukataza. Sema tena. Atakukataza tena, ila mara ya tatu atakupa mboga uchambue, na hapo jikoni, mnachambua mboga, Kichina chako kidogo kitatosha.

Wanaotaka kozi kamili, taasisi za Confucius zipo hapa Dar na Dodoma, na wa Nairobi wana ya kwao chuo kikuu tangu 2005, ndo ilikuwa ya kwanza Afrika. Wengine wenye maswali nipo hapa mlangoni mpaka saa kumi na moja, njooni na simu zenu tujaribu kutamka pamoja.